Kubadilisha Pedi na Diski za Breki Nyumbani

Barabara ya A2 ikitoka Nanyuki kuelekea Isiolo kwanza hupanda. Hupita Timau, ikaambaa na mashamba ya ngano zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kisha huanza kuteremka hadi Isiolo, mji ulio kwenye mita 1,100 hivi. Gari dogo lenye abiria na mizigo, tuseme kilo 1,400 zote pamoja, likishuka mita hizo 1,300 hutoa nguvu ya kutosha kuchemsha karibu lita 60 za maji, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Sehemu ya nguvu hiyo huliwa na upepo na injini. Inayobaki hugeuka joto ndani ya breki, na kwa magari mengi madogo sehemu kubwa ya joto hilo huangukia pedi nne za mbele, kila moja ikiwa ndogo kuliko kiganja cha mtu mzima.

Upande wa pili wa mlima mambo ni yale yale. Mnamo Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, watu zaidi ya 30 wakafariki, na taarifa za mwanzo za maafisa zilitaja breki kushindwa. Magari ya abiria na ya mizigo hutakiwa kukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Gari la nyumbani, lile la kupeleka watoto shule na maziwa sokoni, mara nyingi halina mkaguzi mwingine ila mwenyewe. Hata hivyo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hailiachi nje: gari ambalo hali yake inaweza kuleta hatari haliruhusiwi barabarani, liwe la biashara au la binafsi.

Somo hili linahusu kazi moja tu: kubadilisha pedi na diski za magurudumu ya mbele, kwa gari dogo la kawaida kama Probox, Fielder, Vitz, Demio au Note. Ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye subira na vifaa vinavyofaa. Si kazi ya kujifunzia usiku kwa tochi ya simu wakati safari ni alfajiri.

Dalili za pedi kuisha zinajulikana na wengi, lakini hazina uzito sawa. Mlio mwembamba wa kupiga kelele breki ikishikwa kwa kawaida hutokana na kijibati kilichowekwa makusudi kwenye pedi ili kigusane na diski nyenzo inapokaribia kwisha. Hiyo ni taarifa, na mwenye gari bado ana siku chache. Sauti nzito ya kukwaruza, chuma kwa chuma, ni jambo jingine: nyenzo imekwisha, bamba la chuma linakula diski, na gari hilo halifai hata kwenda Naro Moru na kurudi. Usukani ukitetemeka breki zinaposhikwa, mara nyingi diski haina tena unene ulio sawa kotekote. Gari likivuta upande mmoja, au gurudumu moja likiwa moto kuliko mwenzake baada ya safari, huenda kalipa ya upande mmoja imekwama. Na mafuta ya breki yakishuka polepole kwenye chupa yake chini ya boneti bila uvujaji wowote, pedi ndizo zinazoisha, kwa kuwa pistoni hutoka nje zaidi na mafuta huifuata.

Pedi mpya huwa na nyenzo ya milimita 10 hivi. Ikifika milimita 3 wakati wa kuibadilisha umefika. Kwa mwenye kuteremka Isiolo au Meru kila wiki, milimita 4 ni kipimo cha busara zaidi, maana pedi nyembamba hupitisha joto haraka kuelekea kwenye pistoni na mafuta.

Diski nayo ina kipimo chake, na hapa ndipo wengi hukosea. Unene wa chini unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida baada ya herufi MIN TH. Rula haiwezi kupima unene huo, kwa sababu ukingo wa nje wa diski hauguswi na pedi, hivyo haulikwi. Rula ikiwekwa pembeni husoma unene wa ukingo na kumwambia mwenye gari kwamba diski ni nzima kumbe katikati imeliwa. Kipimo sahihi ni cha vernia au maikromita, kikipita ndani ya ukingo huo, sehemu nne au tano za mduara. Fundi akishauri diski ikerezwe badala ya kununuliwa mpya, swali la kumuuliza ni moja: baada ya kukerezwa itabaki na milimita ngapi? Ikibaki chini ya kipimo kilichochongwa, haifai kurudi kwenye gari, hata ing'ae namna gani.

Pedi na diski hubadilishwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Kubadilisha upande mmoja ili kuokoa pesa hulifanya gari livute upande mmoja wakati wa kusimama, na kwenye barabara yenye mvua ya Aprili hilo latosha kulitoa njiani.

Kununua spea kunahitaji logibuku. Magari mengi yanayoingia nchini yametumika Japani, na gari lenye jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na diski za ukubwa tofauti. Muuza spea makini ataomba nambari ya chesi kabla ya kushuka kwenye rafu. Asiyeiomba huenda anakisia. Pedi bandia si rahisi kutambuliwa kwa macho, ila zipo dalili: maandishi ya boksi yenye makosa ya tahajia, nyenzo isiyoshikamana vizuri na bamba lake, pedi nne zisizolingana unene, bei isiyoeleweka. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, huhitaji bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ziwe na stika ya ISM, na mnunuzi ana haki ya kuomba kuiona pamoja na risiti. Risiti ni muhimu zaidi ya inavyodhaniwa, maana bila hiyo hakuna pa kurudisha.

Vifaa: jeki, stendi mbili za chuma, wilispana, spana za ringi au soketi (nyingi huwa namba 14 na 17), brashi ya waya, jiliwa dogo la mkono la kurudishia pistoni, waya au kamba ngumu, grisi ya silikoni ya kalipa, kopo la dawa ya kusafishia breki na chupa ya mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Spana ya kupimia nguvu ni ghali, lakini gereji nyingi zinayo na huenda zikamkopesha jirani.

Mahali pa kufanyia kazi pachaguliwe kwa makini. Uwanda wa Laikipia una udongo mweusi wa pamba sehemu nyingi, na udongo huo baada ya mvua hunywea chini ya jeki kama uji. Sakafu ya saruji ni bora. Pasipokuwa na saruji, mbao pana na nene iwekwe chini ya jeki na chini ya kila stendi, na ardhi iwe tambarare. Hendibreki ivutwe, gari liwe kwenye P au gia ya kwanza, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma.

Nati za gurudumu hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini, halafu ndipo jeki inapopandishwa mahali palipotengwa na mtengenezaji, pale penye alama au mikato chini ya ubavu wa gari. Likiinuka, stendi iingizwe mara moja na uzito wa gari uteremshwe juu yake. Jeki inainua tu, haishikilii. Mawe ya kujengea na matofali, ambayo yamezoeleka mno katika nyua za nyumba, hayafai kabisa kwa kazi hii: hubeba uzito vizuri kwa saa nzima, kisha hupasuka kwa ghafla bila kutoa mlio. Gurudumu likishatolewa lilazwe chini ya ubavu wa gari, ili hata stendi ikiteleza gari liangukie taya, si mtu. Watoto wabaki ndani ya nyumba.

Kabla ya kufungua chochote, usukani ugeuzwe upande ili kalipa ionekane wazi, na picha ipigwe kwa simu. Picha hiyo itahitajika baadaye. Tena upande mmoja umalizwe kabla ya mwingine kufunguliwa, kwa maana upande usioguswa ndio kielelezo kizuri kuliko kitabu chochote.

Vumbi jeusi lililojaa ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Pedi za zamani au zisizojulikana zilikotoka zaweza kuwa na nyuzi za asbesto, na hata zisizo nazo hazifai mapafuni. Lilowanishwe kwa dawa ya breki au maji, kisha lifutwe kwa kitambaa.

Kalipa nyingi hushikwa na bolti mbili kwa nyuma. Kwa kawaida ile ya chini ikifunguliwa, kalipa huzunguka juu kama kifuniko na pedi huonekana. Lakini kwa kuwa diski nayo inatolewa, kalipa itabidi itolewe yote, na hapa ipo kanuni moja isiyovunjwa: kalipa isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa breki. Mpira huo unabeba shinikizo linalosimamisha gari, na ukichanika ndani hautaonekana kwa nje. Ifungwe kwa waya kwenye springi ya shokabsoba.

Pedi kuukuu zikitoka zitazamwe, kwa maana zinasema mengi. Ya ndani ikiwa imeliwa sana kuliko ya nje, au pedi moja ikiwa imelika mshazari, pini za kalipa hazitelezi. Kwa magari ya barabara za murramu, vumbi hupenya kwenye raba za pini, hukutana na unyevu na kugeuka gundi. Pini zitolewe, zisafishwe hadi ziwe laini, zipakwe grisi ya silikoni kidogo, na zirudishwe zikiteleza kwa kidole. Grisi ya kawaida ya bearingi isitumike hapo: huivimbisha raba na kuikwamisha pini upya. Fundi wengi hubadilisha pedi bila kugusa pini, mteja akarudi baada ya miezi mitatu akilaumu pedi.

Kisha fremu inayoshika pedi hufunguliwa bolti zake mbili kubwa, na diski inabaki wazi. Mara nyingi haitatoka, kutu imeiganda kwenye habu. Kuipiga nyundo huharibu bearingi. Diski nyingi za Kijapani zina matundu mawili madogo yenye hesi. Bolti mbili za milimita 8 zikiingizwa humo na kukazwa kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, diski huachia yenyewe.

Uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kazi hii inachosha na inaonekana ya bure, lakini chembe ya kutu iliyobaki kati ya habu na diski mpya huifanya diski iyumbe kila inapozunguka, na baada ya kilomita elfu chache usukani utatetemeka kama zamani. Diski mpya nayo huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshwe kwa dawa ya breki, au kwa maji moto na sabuni ya vyombo, kisha diski ikaushwe kabisa. Petroli isitumike. Ni hatari ya moto, na huweza kuacha masalia.

Ndipo pistoni irudishwe ndani ili pedi nene zipate nafasi. Kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki kifunguliwe kwanza na kiwango kitazamwe: pistoni ikirudi, mafuta hupanda, na yakifurika hubabua rangi ya gari. Yakiwa karibu na alama ya MAX yapunguzwe kwa bomba la sindano safi. Pedi kuukuu iwekwe juu ya pistoni, jiliwa likazwe polepole. Inatakiwa kuingia kwa ulaini. Ikigoma, au raba inayoizunguka ikiwa imechanika au imelowa mafuta, kazi ya nyumbani imeishia hapo na kalipa iende kwa fundi. Ilivyo kwa magurudumu ya nyuma ni tofauti: kalipa za nyuma zilizounganishwa na hendibreki mara nyingi huwa na pistoni ya kuzungushwa, na kuilazimisha kwa jiliwa huivunja.

Kufunga ni kurudi njia ile ile. Fremu kwanza, vijibati vya kuteleza vipya ikiwa vimekuja na pedi, kisha pedi yenye kijibati cha mlio ikae upande ule ule ilikokuwa ya zamani, kama picha inavyoonyesha. Uso wa pedi na wa diski usiguswe kwa mikono yenye grisi. Bolti zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Nati za gurudumu kwa Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutonimita 103, ambayo kwa wilispana ya urefu wa sentimita 50 ni sawa na kuvuta kwa uzito wa kilo 21 hivi. Kurukia spana kwa mguu hupita kipimo hicho mbali, hunyosha bolti na huweza kupinda diski mpya. Nati hukazwa kwa kuvukana, kama nyota, wala si kwa kufuata duara.

Pande zote mbili zikiisha na gari likiwa chini, kuna jambo la kufanya kabla ya injini kuwashwa na kabla ya gari kusogea hata hatua moja. Pistoni zimerudishwa ndani kabisa, kwa hiyo mkanyago wa kwanza wa breki utazama hadi sakafuni bila kushika chochote. Kwa anayerudi nyuma kutoka ua wenye mteremko, huko ndiko kugonga ukuta, au mtu aliyesimama kutazama. Breki ikanyagwe polepole mara nyingi, mpaka iwe ngumu na ibaki hivyo. Ndipo mafuta yaongezwe hadi kati ya MIN na MAX, kutoka chupa isiyofunguliwa awali. Ikibaki laini kama sponji, imeingia hewa au kuna panapovuja, na gari halitoki uani.

Kuhusu mafuta hayo kuna jambo linalowahusu hasa watu wa nyanda za juu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini iliyokwisha kunyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: mguu unafika sakafuni na gari haliulizi. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Nanyuki, kwenye zaidi ya mita 1,900, maji ya chai huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100, na mafuta ya breki yenye maji nayo huwahi kuchemka. Hewa nyepesi ya huku pia hupunguza msaada wa kile kibuyu cheusi kinachosaidia mguu, hivyo gari lile lile huhitaji kukanyagwa kwa nguvu kidogo zaidi Nanyuki kuliko Mombasa. Kuyabadilisha mafuta yote kila miaka miwili ni desturi nzuri, ila kazi ya kutoa hewa kwenye mfumo iachiwe fundi, hasa kwa gari lenye ABS. Kijana anayetaka kuijua kazi hiyo kwa undani ana vyuo vya ufundi stadi, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti, na mitihani ya ufundi wa magari ya NITA.

Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Zinahitaji kuachia utando mwembamba wa nyenzo kwenye diski. Kwenye barabara tambarare isiyo na msongamano, nje kidogo ya mji, gari liendeshwe kilomita 50 kwa saa kisha lipunguzwe hadi 10 bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, kukiwa na mwendo wa kupoza kati ya mara moja na nyingine. Baadaye liendeshwe dakika kadhaa bila breki ili zipoe. Kusimama kabisa na kubana breki zikiwa moto huacha doa kwenye diski. Kwa kilomita 300 za kwanza breki zishikwe kwa upole, na mteremko wa Isiolo usubiri. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Na huo mteremko ukifika, breki mpya hazichukui nafasi ya gia. Mwenye gari la otomatiki atumie L, 2, S au B, kulingana na gari lake, kabla ya kuanza kushuka. Desturi ya kuweka gia huru ili kuokoa petroli haina faida kwa magari ya sindano ya petroli, yaani karibu yote yanayoingia sasa: gari likishuka kwenye gia bila mguu kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa, ilhali kwenye gia huru injini huendelea kuichoma ili isizime. Mwenye kuweka huru analipa petroli zaidi na kuwaachia breki mzigo wote.

Mafuta kuukuu ya breki yasimwagwe mtaroni. Mitaro ya mji huishia kwenye mto Nanyuki, na mto huo humwaga maji yake Ewaso Nyiro, ambako wafugaji hunywesha mifugo. Yatiwe kwenye chupa yenye kifuniko na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu. Pedi zilizoisha zifungwe kwenye mfuko kabla ya kutupwa. Diski kuukuu ni chuma cha kuuzwa, lakini kwa mnunuzi mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Kabla ya kuuzwa, zikatwe mkato kwa grainda, ili zisisafishwe na kurudi dukani kama spea.